Umenunua mtoto wa mbwa wa ulinzi? Usimbadilishie chakula siku ya kwanza

UKIMUULIZA mfugaji wa kuku wa Kibaha au Mkuranga ni kitu gani kinamkosesha usingizi, atakutajia kwanza bei ya chakula cha kuku, halafu ataanza habari ya wezi. Banda la kuku wa mayai linaweza kufagiliwa lote kwa usiku mmoja, na mlinzi wa kulipwa kila mwezi si kila mtu anammudu. Ndiyo maana mbwa ameendelea kuwa mlinzi wa watu wa kipato cha chini na cha kati, kuanzia kwenye mabanda ya kuku hadi kwenye maghala ya nafaka, gereji na vibanda vya wafanyabiashara wadogo.

Tatizo ni kwamba watu walewale wanaofuga kuku kwa ratiba ya chanjo na chakula cha kupimwa, wakishanunua mtoto wa mbwa humfuga kwa kubahatisha. Kifaranga hununuliwa pamoja na mfuko wake wa chakula. Mtoto wa mbwa hutiwa ndani ya boksi, akafikishwa nyumbani, na hapo ndipo watu wanapoanza kuulizana, "Huyu naye anakula nini?"

Jirani yangu mmoja, mama mwenye mabanda mawili ya kuku wa mayai, aliibiwa kuku mara mbili katika mwaka mmoja. Baada ya mara ya pili akanunua watoto wawili wa mbwa, dume na jike. Walipofika, watoto wa nyumbani waliwafurahia sana. Jioni ile wakapewa maziwa ya ng'ombe bakuli zima. Asubuhi wakapewa utumbo wa kuku uliochemshwa, mchana wali na mchuzi uliobaki, usiku maziwa tena. Siku ya tatu wote wawili walikuwa wanaharisha. Siku ya tano dume hakuinuka.

Daktari wa mifugo alipoitwa aliuliza maswali mawili tu kabla ya kufungua mkoba wake.

"Mama, huko walikotoka walikuwa wanakula nini?"

"Kwa kweli sikuuliza, daktari."

"Na dawa ya minyoo walipewa lini?"

"Hilo nalo sikuuliza."

Jike alipona. Aliwekewa maji mwilini, akapewa dawa ya minyoo, na baada ya kumpigia simu aliyewauza ikajulikana kwamba kule alikuwa anakula uji mzito wa dona wenye dagaa na hakuna kingine. Akarudishiwa uji huohuo, na siku ya tatu choo kikaanza kushikana.

Si kwamba maziwa peke yake yalimuua dume yule. Mtoto wa mbwa anayetolewa kwa mama yake anakuwa na mambo mengi kwa pamoja. Amepoteza joto la wenzake, amesafiri, yuko mahali asipopajua, na mara nyingi tumboni ana minyoo aliyozaliwa nayo, kwa sababu minyoo ya mbwa hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kabla hajazaliwa. Ukimwongezea chakula kigeni juu ya hayo yote unamsukuma shimoni. Katika mzigo wote huo, chakula ndicho kitu ambacho mnunuzi anaweza kukizuia siku hiyohiyo bila kutoa hata senti moja.

Tumbo halibadiliki kwa siku moja

Ndani ya utumbo wa mbwa, kama ilivyo kwa mifugo mingine, kuna vijidudu vinavyosaidia kusaga chakula. Vijidudu hivyo huzoea kile kinacholetwa kila siku. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa analijua hili vizuri: ng'ombe aliyezoea majani makavu akivamia mahindi ghafla, tumbo linavimba. Mbwa hana matumbo manne, lakini kanuni haiko mbali na hiyo. Chakula kipya kikija kwa wingi kabla utumbo haujajipanga, sehemu yake hupita bila kusagwa, inachachuka, na matokeo yake ni kuharisha.

Kuhusu maziwa kuna jambo la ziada. Mtoto wa mbwa akishaachishwa kunyonya, uwezo wake wa kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa huanza kupungua. Maziwa ya ng'ombe yana sukari hiyo kwa wingi kuliko maziwa ya mama yake, na yana mafuta na protini kidogo. Kwa hiyo lile bakuli la huruma la usiku wa kwanza, ambalo karibu kila nyumba hulitoa, ndilo mara nyingi linaloanzisha matatizo. Kinywaji cha mbwa aliyekwisha kuachishwa kunyonya ni maji safi, na yawepo muda wote.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Watoto wa mbwa huanza kuonjeshwa chakula laini wakiwa na wiki 3 hadi 4, na umri mzuri wa kuwachukua ni kuanzia wiki 8. Wauzaji wengi wa barabarani huwatoa mapema zaidi, wakiwa na wiki 5 au hata 4, kwa sababu mtoto mdogo anapendeza machoni na muuzaji anaokoa chakula. Huyo usimchukue hata kama bei ni ya kutupa. Ukimwona bado anatembea kwa kuyumba na meno ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza, ujue ameibwa kwa mama yake.

Muulize muuzaji anakula nini, mara ngapi kwa siku, na saa ngapi. Muulize dawa ya minyoo alipewa lini, kwani kwa kawaida huanza kupewa akiwa na wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2 hadi afikishe angalau wiki 8, na baada ya hapo kila mwezi mpaka miezi 6. Uliza kama ameanza chanjo. Halafu, na hapa ndipo watu wanapoona haya, omba akupe au akuuzie chakula hichohicho cha kutosha siku 10. Kwa mtoto wa mbwa wa kienyeji wa kilo 3 hivi, kilo moja na nusu ya chakula kikavu inatosha.

Nikizungumza na wauzaji wa mbwa, nawaambia kwamba hii ni biashara pia. Muuzaji anayemkabidhi mteja mtoto wa mbwa pamoja na kifuko cha chakula na karatasi yenye tarehe za dawa anaweza kuongeza gharama hiyo kwenye bei, na mteja atalipa. Anachonunua hasa ni kutopigiwa simu siku ya tano na mtu mwenye hasira anayedai ameuziwa mbwa mgonjwa.

Namna ya kubadili

Siku 3 za mwanzo mpe chakula kilekile alichozoea, hata kama unakiona duni. Mwache kwanza azoee mahali. Baada ya hapo anza kubadili kwa kipimo. Chukua kijiko kikubwa au kopo dogo, na kwa siku 2 au 3 changanya vijiko 3 vya chakula cha zamani na 1 cha kipya. Choo kikiwa kizuri, nenda nusu kwa nusu kwa siku nyingine 2 au 3. Kisha geuza, 1 cha zamani kwa 3 vya kipya. Kwa mwendo huo, ndani ya siku 7 hadi 10 tangu uanze kuchanganya anakuwa amehamia kwenye chakula kipya chote.

Choo ndicho kipimo chako. Kikilainika kidogo, usiache kumlisha wala usikimbilie dukani kununua chakula cha aina ya tatu. Rudi hatua moja nyuma, kaa hapo siku 2, halafu endelea. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuona choo laini akaacha dona akahamia wali, kesho akaacha wali akahamia mkate, mpaka mwisho haijulikani kilichomdhuru ni kipi.

Pia kuna ushauri unaozunguka mitaani kwamba mbwa akiharisha asipewe chakula siku nzima. Kwa mbwa mkubwa mwenye nguvu hilo linaweza kuvumilika. Kwa mtoto wa wiki 8 ni hatari, kwa sababu mwili wake hauna akiba na sukari ya damu hushuka upesi. Akionekana anatetemeka, ameishiwa nguvu na hasimami vizuri, hali hiyo haitaki kusubiri asubuhi.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo ikiwa kuharisha kumezidi siku moja, ikiwa kuna damu kwenye choo, ikiwa anatapika au ikiwa amekataa kula na amejikunyata. Shika ngozi ya shingo uivute juu kidogo kisha uiachie. Ikichelewa kurudi mahali pake, amekaukiwa maji. Angalia na ufizi: wa mbwa mzima ni wa rangi ya waridi na una unyevu, wa mgonjwa huwa mweupe au unanata. Ugonjwa wa parvo, ambao huua watoto wa mbwa kwa kasi, huanza kwa dalili zinazofanana kabisa na za kubadilishiwa chakula. Mtu anayejipa moyo kwamba "ni chakula tu hicho" anaweza kupoteza siku mbili ambazo ndizo zingemwokoa. Chanjo yake huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka afike wiki 16.

Ugali umejaa tumboni, lakini una nini?

Tuje sasa kwenye hicho chakula kipya. Wapo watakaosema mbwa wa kienyeji amekula ugali tangu enzi za mababu na amelinda. Ni kweli amelinda. Lakini mababu hawakuhesabu watoto wangapi wa mbwa walikufa kabla ya kulinda, na mbwa wa zamani alizunguka akala panya, mizoga na mabaki ya mawindo. Mbwa wa leo yuko ndani ya uzio wa mabati. Anakula kile tu unachomtupia.

Viwango vinavyotumika Marekani kutengenezea chakula cha mbwa vinataka chakula cha mbwa anayekua kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5 na mafuta asilimia 8.5, kikihesabiwa bila maji yake. Kwa mbwa mkubwa ni protini asilimia 18 na mafuta 5.5. Unga wa mahindi wa dona una protini ya asilimia 9 hivi. Ukiusonga ugali, sehemu kubwa ya kile kilichomo kwenye bakuli ni maji. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anayelishwa ugali mtupu anavimba tumbo, mwenye nyumba anaridhika kwamba ameshiba, kumbe mwili unakula misuli yake wenyewe. Manyoya yanapauka, mbavu zinahesabika, na akifika miezi 6 ana kimo cha mbwa wa miezi 3.

Upande wa pili wako wanaotaka kumlea kwa nyama tupu ili awe mkali. Nyama ina protini nyingi lakini ina chokaa, yaani madini ya kujenga mifupa, kidogo mno, huku ikiwa na fosforasi nyingi. Mwili ukikosa chokaa kwenye chakula huichukua kutoka kwenye mifupa. Ndiyo maana unaweza kumkuta mbwa wa tajiri, aliyelelewa kwa nyama ya ng'ombe, ana matege au anavunjika mguu kwa kuruka kutoka barazani.

Mlo wa kumtengenezea nyumbani ambao mfugaji wa kawaida anaumudu ni dona na dagaa. Dagaa waliokaushwa wana protini inayozidi asilimia 50, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao huleta chokaa pia. Pima kwa uzito, siyo kwa kopo, kwa sababu kopo la dagaa ni jepesi kuliko kopo la unga: sehemu 2 za dona na sehemu 1 ya dagaa waliosagwa. Mchanganyiko huo unakupa protini ya asilimia 24 hivi. Ongeza mafuta ya alizeti, kijiko kimoja kikubwa kwa kila gramu 400 za mchanganyiko, kwa sababu dona na dagaa peke yao hawafikishi mafuta yanayotakiwa. Maganda ya mayai, ambayo mfugaji wa kuku huyatupa, yaoshe, yakaushe jikoni, yasage yawe unga laini kabisa, na umtilie robo ya kijiko cha chai kwa siku.

Mtoto wa kilo 3 anahitaji karibu gramu 140 za mchanganyiko huo kwa siku, zikiwa bado kavu. Zipike kwa maji ziwe uji mzito, zigawe mara 4. Akifika kilo 7, kama mwezi wa nne, atahitaji gramu 170 hadi 180. Akifika kilo 10 mwezi wa sita, gramu 220 na ushee. Ukijumlisha kuanzia miezi 2 hadi 6 unapata kama kilo 22, yaani takriban kilo 15 za dona na kilo 7 za dagaa. Chukua bei ya soko lako uzidishe mwenyewe, halafu linganisha na thamani ya trei za mayai na kuku walioondoka usiku mmoja.

Dagaa wa kuku, wale wanaouzwa kwa bei nafuu kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, mara nyingi huwa na mchanga mwingi kwa kuwa huanikwa chini ufukweni. Waloweke kwenye ndoo, wakoroge, mchanga utatua chini, kisha waanike tena kabla ya kusaga. Dagaa wa baharini waliotiwa chumvi waoshe mara mbili au waache kabisa. Na mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, usimpe mtoto wa mbwa mazima hata kidogo. Yakisagwa laini yanaweza kutumika kidogo.

Niseme wazi kwamba mlo huu ni mzuri kuliko ugali, lakini si kamili. Una upungufu wa zinki na wa baadhi ya vitamini. Ini lililochemshwa vizuri, kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja au mbili kwa wiki, litasaidia, na yai lililochemshwa pia. Zaidi ya hapo mwombe daktari wa mifugo vitamini na madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Vitamini za kuku za kutia kwenye maji hazikupimwa kwa ajili yake.

Usimgeuze mbwa kuwa kuku

Hapa nawasema wafugaji wenzangu wa kuku. Chakula cha kuku wa mayai kinapomwagika au kinapobaki kwenye mfuko, mbwa ndiye anayepewa. Chakula hicho kina chokaa ya asilimia 3.5 hadi 4 na zaidi, kwa ajili ya ganda la yai. Kwa mbwa anayekua kiwango cha juu kabisa ni asilimia 2.5, na kwa mbwa wa aina kubwa kama German Shepherd, Rottweiler na Boerboel hakitakiwi kuzidi 1.8. Chokaa ikizidi, mifupa ya mbwa hao hukua vibaya, na mguu ukishapinda haurudi.

Chakula cha kuku wa nyama nacho kinaweza kuwa kimetiwa dawa ya kuzuia koksidiosi. Baadhi ya dawa hizo, monensini ikiwa mojawapo, kuku huivumilia lakini mbwa humdhuru misuli na mishipa ya fahamu mpaka miguu ikaishiwa nguvu. Mashudu ya pamba, ambayo ng'ombe hula bila shida, yana sumu asilia inayoweza kuharibu moyo wa mbwa. Kwa ufupi, kilichoandikwa kuku akile kuku.

Mabaki ya machinjioni yanahitaji tahadhari ya aina yake. Maini na mapafu yenye malengelenge ya maji, ambayo mkaguzi wa nyama huyakataa, hubeba tegu wadogo. Mbwa akiyala mabichi tegu hukua utumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na binadamu akiyameza anaota malengelenge hayohayo ndani ya ini au mapafu. Wafugaji wa Turkana, nchini Kenya, waliwahi kuwa miongoni mwa jamii zilizoathirika zaidi duniani na ugonjwa huu. Viungo vyenye malengelenge vifukiwe au vichomwe. Vilivyo salama vichemshwe vizuri, kwa zaidi ya nusu saa, ndipo apewe.

Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha na huweza kutoboa utumbo. Mchuzi wenye vitunguu vingi huharibu damu ya mbwa. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake.

Mahindi "ya mbwa"

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni mahindi yaliyooza kutengwa na kuitwa ya mbwa. Mtu akifungua gunia akakuta ukungu, chini ya gunia hilo huzaliwa chakula cha mbwa. Sumukuvu inayotokana na ukungu huo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu 125, na mwaka 2016 ikaua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi, na mtoto ndiye wa kwanza. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 huko Marekani, ambako chakula cha mbwa kinatengenezwa viwandani, mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula chenye mahindi yaliyochafuliwa na sumu hiyo.

Mbwa aliyeathirika hukataa kula, hutapika, na weupe wa macho hugeuka njano kwa kuwa ini limeharibika. Pumba pia hubeba sumu hiyo, tena kwa wingi kuliko unga uliokobolewa. Mahindi usiyoweza kumpa mwanao usimsagie mbwa wako.

Ukinunua cha dukani

Kwa mwenye uwezo, chakula cha mbwa cha punje kilichotengenezwa kiwandani kinarahisisha kazi, mradi kiwe cha umri wake. Tafuta kwenye mfuko neno "Puppy", na soma kiasi cha protini na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa mbwa wa aina kubwa tafuta kilichoandikwa kwamba ni cha watoto wa mbwa wakubwa. Ukishampa hicho, usimwongezee maganda ya mayai wala dawa ya chokaa, kwa sababu tayari imo na utaizidisha. Kubadili kutoka uji wa dona kwenda kwenye punje kunafuata hatua zilezile za vijiko, ila punje uziloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa wiki za mwanzo.

Wengi hununua kwa kupimiwa kilo. Hakuna ubaya, lakini mwambie mwenye duka akuonyeshe mfuko mkubwa uliotoka. Chakula hiki kina mafuta, na mfuko ukikaa wazi kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga kwa wiki kadhaa mafuta huvunda. Kinuse: kikitoa harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa, kiache. Na wewe mwenye duka, kunja mdomo wa mfuko na uuweke juu ya mbao badala ya sakafuni. Mwandikie mteja jina la chakula kwenye kifuko, maana mteja akirudi wiki ijayo na kupewa aina nyingine bila kuambiwa, mbwa wake anaharisha na lawama inakurudia wewe.

Hadi miezi 4 mlishe mara 4 kwa siku, kisha mara 3 mpaka miezi 6, baada ya hapo mara 2. Wako wanaoamini mbwa mkali hulala njaa, na wengine humlisha pilipili au manyigu ili awe na hasira. Mbwa mwenye njaa ndiye anayemfuata mwizi aliyekuja na kipande cha nyama mkononi. Pilipili inamwachia maumivu ya tumbo na hasira ya kuuma watoto wako. Na akitimiza miezi 3 apelekwe kuchanjwa kichaa cha mbwa, bila kujali anakula nini.

Yule jirani yangu sasa humpima jike wake kila Jumapili kwa mizani ileile ya kupimia chakula cha kuku, na uzito anauandika ukutani kwa mkaa, chini ya idadi ya mayai. Mwezi uliopita alikwenda kuchukua dume mwingine kwa muuzaji tofauti. Muuzaji alishangaa kuona mteja ameshika kifuko kitupu na karatasi, anauliza mbwa hula saa ngapi kabla hata hajauliza bei. Alirudi na dume ndani ya boksi, na kilo moja na nusu ya dona iliyochanganywa na dagaa.